Nani wa kuibeba Amiga? Ulinganisho kwa anayetaka kununua

Mtu akitaka kununua leo kompyuta ya zamani ya Amiga, au kufufua ile iliyolala kabatini tangu utotoni, huanza kwa kuuliza kasi: prosesa gani, RAM kiasi gani, inafungua video au haifungui. Kwangu swali la kwanza ni jingine. Aliyekuuzia akifunga duka kesho asubuhi, wewe unabaki na nini mkononi?

Kwa kompyuta nyingine swali kama hilo lingekuwa la kumwombea mwenzio mabaya. Kwa Amiga ni uzoefu. Tangu 1994 kila mwenye mali aliyekuja ama amefilisika, ama amechoka, ama ameishia mahakamani, na mteja ndiye aliyeachwa na mashine asiyojua ataipeleka kwa nani. Kwa hiyo kampuni zote nitakazozitaja hapa nazipima kwa swali hilo kwanza, mengine yafuate.

Kwa asiyeijua: Amiga ya kwanza ilizinduliwa na kampuni ya Commodore jijini New York tarehe 23 Julai 1985, msanii Andy Warhol akiwa jukwaani akichora picha ya mwimbaji Debbie Harry kwa kipanya. Wakati ule kompyuta nyingi za ofisini zilikuwa na sauti ya kulia "pii" na skrini ya rangi chache. Amiga ilikuja na rangi 4,096, mikondo minne ya sauti, na uwezo wa kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja. Siri yake ilikuwa chipu tatu za pembeni, Agnus, Denise na Paula, zilizoipunguzia kazi prosesa ya Motorola 68000. A500 ya mwaka 1987 ndiyo iliyoingia majumbani, hasa Uingereza na Ujerumani. A1200 ya mwaka 1992 ilikuwa ya mwisho kupendwa na wengi.

Waliotangulia

Commodore ilitangaza kufilisika tarehe 29 Aprili 1994. Kwa kuwa ilisajiliwa Bahamas huku ikifanya kazi Marekani na Ulaya, ugawaji wa mali uliburuzwa mwaka mzima. Mnada ulipofika 1995, Dell ilikuwemo, lakini aliyeshinda ni Escom ya Ujerumani, kwa zaidi ya dola milioni 10.

Escom ilionekana chaguo zuri. Ilikuwa na mtandao wa maduka yake yenyewe, ilijua kuuza kompyuta za nyumbani, na ilianza kuzalisha A1200 tena katika kiwanda cha Bordeaux, Ufaransa. Ila tazama jinsi ilivyofanya. Bei ilirudishwa pauni 399, ile ile ya mwaka 1992, wakati Commodore yenyewe ilikuwa imeshaishusha sana kabla ya kufa. Na kwa kuwa draivu za flopi za Amiga zilikuwa zimeadimika, waliweka draivu ya PC iliyorekebishwa. Draivu ya Amiga huiambia mashine kwa waya wake maalumu kwamba diski iko tayari, na ile ya PC haikuwa na ishara hiyo kama inavyotakiwa. Programu za kawaida hazikujali. Michezo kadhaa iliyosubiri ishara hiyo iligoma kufunguka. Mnunuzi alikuwa na mashine mpya kabisa, yenye dhamana, isiyoweza kuendesha mchezo ambao A1200 ya jirani yake ya mwaka 1993 iliufungua bila tatizo. Julai 1996 Escom nayo ikafilisika, na iliyoiangusha ni biashara yake ya PC. Amiga haikuwa na kosa katika hilo.

Hapo ndipo ndugu wawili walipotenganishwa. Jina la Commodore likaenda kwa Tulip ya Uholanzi, na Amiga ikanunuliwa mwaka 1997 na Gateway 2000, ile kampuni ya Dakota Kusini iliyouza kompyuta kwenye maboksi yenye madoa ya ng'ombe. Hakuna aliyewahi kuimiliki Amiga akiwa na fedha kama Gateway. Na hakuna Amiga mpya hata moja iliyotoka mikononi mwake. Kwanza walitangaza mfumo endeshi mpya utajengwa juu ya QNX, halafu katikati ya 1999 wakageuka wakasema ni Linux, halafu mkuu wa mradi akaondoka na mradi ukazikwa. Kilichoivutia Gateway zaidi kilikuwa hataza za Commodore: ilipouza jina la Amiga mwishoni mwa 1999, hataza ilibaki nazo. Ukubwa wa kampuni, basi, si hoja. Kampuni kubwa inaweza kununua kitu ili tu kiwe kwenye droo yake.

Waliouziwa walikuwa kikundi kidogo kilichojiita Amiga Inc., kikiongozwa na Bill McEwen. Hao walikuwa na mapenzi bila fedha. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba uwanja mpya wa michezo mjini Kent, jimbo la Washington, ungebeba jina la Amiga. Malipo hayakufika, uwanja ukapewa jina la kampuni nyingine. Nikiisikia kampuni ya kompyuta za zamani ikitangaza jambo kubwa kuliko bidhaa iliyo nayo dukani, huwa naukumbuka uwanja huo.

Kati ya wote walionunua kompyuta ya nyumbani ya mtu mwingine, aliyefanya vizuri zaidi si wa Amiga hata kidogo. Ni Amstrad, iliyonunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986 kwa pauni milioni 5. Mwaka huo huo ikatoa Spectrum yenye kibodi halisi na draivu ya kaseti ndani yake, na miaka baadaye ikaruhusu ROM zake, yaani programu ya msingi iliyo ndani ya chipu, zisambazwe kwa matumizi ya emuleta (programu ya kuigizia mashine ya zamani) bila kudai senti. Bidhaa ilitoka haraka, na ruhusa ilitolewa bila malipo. Wenye Amiga hawakupata hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Wanaogombania fito

Leo mali ya Amiga iko kwa watu wawili wasioelewana.

Wa kwanza ni Hyperion Entertainment ya Ubelgiji. Ilianza kama kampuni ya kuhamishia michezo ya PC kwenye mashine nyingine, na mwaka 2001 ikapewa kazi ya kutengeneza AmigaOS 4. Mwaka 2007 Amiga Inc. ikaishtaki. Septemba 2009 wakapatana, na Hyperion ikatoka na haki ya kudumu ya kuendeleza mfumo endeshi kutokana na AmigaOS 3.1. Wa pili ni Cloanto, kampuni yenye asili ya Italia, ambayo tangu 1997 huuza Amiga Forever, kifurushi halali chenye ROM na mfumo wa zamani kwa ajili ya emuleta. Mwaka 2019 mali ya Amiga Inc. ikahamia kwa kampuni iliyo upande huu wa Cloanto, ambayo sasa inaitwa Amiga Corporation. Hyperion ilipoanza kuuza mfumo kwa ajili ya mashine za zamani zenye 68000, Cloanto ikasema makubaliano ya 2009 hayakufika huko. Tangu hapo ni mawakili. Wahenga walisema wajengao nyumba moja hawagombanii fito. Hawa wanagombania fito, na nyumba yenyewe haijaezekwa.

Mnunuzi afanye nini? Ampime kila mmoja kwa kile kinachofika mkononi.

Hyperion ilitoa AmigaOS 3.1.4 mwaka 2018, kisha 3.2 Mei 2021, na tangu hapo masahihisho ya 3.2 yameendelea kutoka bila wenye toleo hilo kulipia upya. Thamani yake utaiona siku unapotoa diski ngumu ya zamani kwenye A1200 na kuweka kadi ya kumbukumbu ya CF ya gigabaiti 32 kwa adapta ndogo. Mfumo wa 3.1, ulioandikwa wakati diski ya megabaiti 200 ilikuwa anasa, hauoni vizuri kupita gigabaiti 4. Ukijisahau ukaandika ng'ambo ya mpaka huo, data huzunguka na kufuta mwanzo wa diski. 3.1.4 ndiyo iliyomaliza tatizo hilo. Toleo la 3.2 likaongeza uwezo wa kufungua faili zenye nakala kamili ya flopi kama vile ni diski halisi, jambo linalokuokoa na flopi zenye miaka 35 zilizoota ukungu. Na kwa swali langu la msingi linapita vizuri: mfumo unakuja kwenye CD na ROM unaichomeka kwenye bodi kama chipu, moja kwa A500, mbili kwa A1200. Kampuni ikifa, chipu yako haijui.

Wasiwasi ninao kwa kampuni yenyewe. Mwanzoni mwa 2015 mahakama ya Ubelgiji iliitangaza imefilisika, tangazo likafutwa miezi michache baadaye. Na wanaoandika 3.2 kwa kiasi kikubwa ni watu wenye kazi zao nyingine mchana. Nawaamini hao waandishi kuliko ninavyoliamini jina lililo juu ya CD.

Cloanto kwa upande wake haijengi mfumo mpya. Inachouza ni utulivu wa moyo: ROM zote za zamani kwa njia halali, faili ukishanunua ni zako, unazihamishia kwenye kifaa chochote cha kuigizia Amiga. Ruhusa za ROM kwenye vifaa vya kisasa vya dukani hupitia kwao. Kwa anayeendesha Amiga ndani ya laptop, hiki ndicho kitu cha kwanza kununua, na pengine cha mwisho.

Kuna mfano wa jirani unaoumiza ukiutazama. RISC OS, mfumo wa kompyuta za Acorn, nao ulikuwa na wamiliki wawili wenye kununiana kwa miaka. Mwaka 2018 haki zikanunuliwa na kampuni iliyofungua msimbo wake uwe huria, na leo unaupakua bure na kuuendesha kwenye Raspberry Pi. Hakuna aliyetajirika, lakini hakuna tena anayeweza kuuua kwa kufilisika.

Njia ya PowerPC

Hawa ndio wanaosema wanaipeleka Amiga mbele kwa maana halisi: mashine mpya, prosesa mpya, AmigaOS 4. Chimbuko lake ni kadi za prosesa za PowerPC ambazo kampuni ya Ujerumani, Phase5, iliziuza kwa wenye A1200 na A4000 miaka ya 1990 mwishoni. Wakati ule Apple ilikuwa kwenye PowerPC pia, na kila mtu aliona huko ndiko mbele. Mwaka 2005 Apple ikatangaza kuhamia Intel. Wenye Amiga wakabaki na ukoo wa prosesa ambao kazi yake sasa ni kukaa ndani ya vifaa vya mitandao na viwandani.

A-EON Technology ya Uingereza ndiyo iliyojaribu kwa ujasiri zaidi. Mashine yake ya kwanza, AmigaOne X1000, ilitumia prosesa ya P.A. Semi, na P.A. Semi yenyewe ilikuwa imenunuliwa na Apple mwaka 2008 hata kabla mashine haijatoka. Maana yake kila X1000 iliyouzwa ilikula kwenye akiba isiyojazwa tena. Prosesa hiyo ina viini viwili, kama prosesa mbili ndani ya chipu moja. AmigaOS 4 inatumia kimoja. Umelipia viwili, kimoja kimekaa tu kinasubiri programu ambayo miaka inapita haijafika. X5000 iliyofuata ina hali ile ile ya viini.

Kisha ikaja A1222, iliyokusudiwa kuwa ya bei nafuu. Hapa kuna jambo ambalo kila mnunuzi alijue kabla hajatoa fedha. Prosesa yake, P1022, haina kitengo cha hesabu za desimali cha PowerPC ya kawaida. Ina cha aina yake. Programu za OS 4 zilizoandikwa kwa kitengo cha kawaida zinabidi zitafsiriwe papo hapo, na zile zenye hesabu nyingi, kama vicheza video na michezo ya 3D, huburuta miguu isipokuwa zimeundwa upya kwa ajili ya bodi hiyo. Kwa kazi za kuandika na kutuma barua pepe hutaona tofauti. Lakini nani ananunua Amiga ili atume barua pepe?

ACube Systems ya Italia ni ya kimya zaidi. Bodi zake za Sam440 na Sam460 ni dhaifu kuliko za A-EON, hutengenezwa kwa awamu ndogo, na matangazo yake ni machache. Nikilinganisha tabia za hizi mbili, napenda ya ACube. Nikilinganisha kasi, A-EON iko mbele sana.

Kwa swali la duka kufungwa kesho, njia hii yote inaanguka. Bodi ikiungua hakuna fundi atakayepata prosesa hiyo kirahisi, mfumo unategemea Hyperion, na Hyperion inategemea mahakama. Kuna mlango wa nyuma: MorphOS, mfumo wa kindugu unaoendeshwa kwenye Mac za zamani za PowerPC kama Mac mini ya G4 au PowerBook, mashine zinazouzwa mitumba kwa bei ya chini. Ni mwepesi, mzuri, na bila kusajili unakupa nusu saa ya kasi kamili kabla haujajipunguza. Ila leseni yake imefungwa kwenye mashine ile ile moja, na Mac hizo nazo zinazeeka. Ni jaribio la bei nafuu kwa mtu anayetaka kuonja njia hii bila kuuza ng'ombe.

Waliobaki na 68000

Naona uhai uko upande huu. Hapa hakuna anayekuahidi kesho. Wanachukua Amiga ile ile ya 1985 hadi 1992 na kuifanya ikimbie.

Apollo ni kikundi chenye makao Ulaya kilichotengeneza prosesa yake kinayoiita 68080, ndani ya chipu ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake za ndani zinapangwa upya kwa programu. Walianza na kadi za kuchomeka kwenye A500 na A600. Sasa wana V4 Standalone, Amiga kamili kwenye bodi ndogo yenye HDMI na RAM ya megabaiti 512, kiasi ambacho Commodore haikuwahi hata kukiota. Kinachonivutia zaidi ni kwamba wanaiuza na mfumo wao uliojengwa juu ya AROS, programu huria iliyoanza 1995 kuiga AmigaOS bila kutumia msimbo wake. Hawahitaji ruhusa ya Hyperion wala ya Cloanto ili bodi iwake. Kati ya kampuni zote hapa, ni wao peke yao wenye chipu yao na mfumo usioshikwa na kesi.

Tatizo ni kwamba ramani ya 68080 ni siri yao. Wakifunga, bodi itaendelea kuwaka lakini hakuna atakayeisahihisha. Na programu zilizoandikwa kwa maagizo maalumu ya 68080 haziendi kwingine. Ni kosa lile lile la wenye mali wa zamani, likifanywa na mafundi hodari.

Kinyume chake ni Minimig. Mwaka 2007 mhandisi wa Kiholanzi, Dennis van Weeren, aliweka hadharani ramani yote ya Amiga aliyoijenga upya ndani ya FPGA. Wengine wakaichukua, wakaiboresha, na leo ndiyo inayoendesha Amiga ndani ya MiSTer, kifaa kinachojengwa juu ya bodi ya kawaida ya kufundishia wanafunzi wa elektroniki, DE10-Nano. Si kampuni. Hakuna wa kumpigia simu. Lakini hakuna wa kufilisika pia, na bodi hiyo hiyo jioni inakuwa Spectrum, kesho yake Atari ST. PiStorm nayo iko katika roho hii: unang'oa 68000 kwenye soketi ya A500, unaweka bodi ndogo inayobeba Raspberry Pi, na Pi inajifanya prosesa ya Motorola yenye kasi ambayo X1000 ingeionea wivu kwa programu za 68000. Ikiharibika unanunua Raspberry Pi nyingine, na hiyo hata Nairobi na Dar es Salaam inapatikana.

Individual Computers ya Ujerumani niitaje kwa ufupi kwa sababu haina la kubishaniwa: kwa miaka mingi imeuza kadi za kuongeza kasi na vifaa vya kuwezesha picha ya Amiga kuonekana kwenye skrini za leo. Inatengeneza kitu, inakiuza, kinafanya kazi.

Mwisho katika kundi hili ni Retro Games ya Uingereza. A500 Mini yake ilitoka Aprili 2022: umbo la A500 lililopunguzwa, michezo 25 ndani, kipanya, HDMI. Kibodi ni ya kupakwa tu, vitufe havibonyezeki, jambo lililowaudhi wengi. Jina lake halina neno Amiga. Ndani ni prosesa ya ARM na emuleta, basi. Wakongwe waliiita mwanasesere. Mimi naona ndiyo bidhaa pekee katika ulinganisho huu iliyokaa kwenye rafu za maduka ya kawaida ya Ulaya, mahali ambapo mtoto asiyejua Commodore ni nini anaweza kuiona na kumwomba mzazi. Wengine wote wanauziana wao kwa wao. Na michezo uliyo nayo mwenyewe unaiongeza kwa flashi ya USB, kwa hiyo haikufungi kwenye zile 25.

Na Commodore yenyewe?

Mwaka 2025 Christian Simpson, anayejulikana YouTube kwa jina la Peri Fractic, alitangaza kwamba yeye na wenzake wananunua kampuni iliyokuwa na alama za Commodore. Bidhaa ya kwanza ni Commodore 64 Ultimate, C64 iliyojengwa kwa FPGA, yenye kibodi halisi. Watu wengi wameuliza kama Amiga inafuata. Kwa haki za leo, jina la Commodore halikupi Amiga. Yalitenganishwa Escom ilipofilisika na hayajarudi nyumba moja. Hata hivyo, mwanzo wao naupenda: bidhaa moja, bei inayojulikana, teknolojia iliyokwisha kujaribiwa na mhandisi aliyekuwa akiiuza kabla. Kama siku moja watakaa meza moja na Amiga Corporation, ningewasikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwenye mali yeyote. Usinunue chochote leo kwa kutegemea siku hiyo.

Wewe uchague ipi

Kama unataka kucheza tu, sebuleni, bila kushika bisibisi: A500 Mini, au emuleta kwenye laptop pamoja na ROM za Cloanto. Usitumie zaidi ya hapo kabla hujajua kama mapenzi yako ni ya kweli.

Kama una A500 au A1200 halisi, usianze na kampuni yoyote kati ya hizi. Anza na fundi. A600, A1200 na A4000 zina kapasita ndogo zilizobandikwa juu ya bodi, na baada ya miaka 30 nyingi zimevuja. Dalili ni sauti iliyofifia upande mmoja au picha yenye vumbi. Fungua kasha la mashine uangalie viungo vya lehemu karibu na kapasita. Vikiwa vimefifia badala ya kung'aa, kimiminika kimeshafika hapo. Fundi akizipasha moto utasikia harufu kama ya samaki. Kwa A500 Plus, A2000 na A3000 adui ni betri iliyolehemiwa kwenye bodi: ing'oe leo, hata kama mashine inawaka. Fundi wa simu mwenye mkono mzuri, awe Kariakoo au barabara ya Luthuli Nairobi, anaiweza kazi hii kwa vifaa alivyo navyo. Baada ya hapo weka AmigaOS 3.2, kadi ya CF, na kifaa cha kurekebisha picha, kwa sababu Amiga hutoa picha ya kilohezi 15 na skrini nyingi za kompyuta huanzia 31. Kasi iwe ya mwisho, na kwa A500 hiyo ni PiStorm.

Kama huna mashine ya zamani na unataka kifaa cha kudumu, MiSTer. Kama unataka kitu chenye roho yake na uko tayari kuishi na kikundi kimoja, V4 ya Apollo. Njia ya PowerPC namwachia mtu ambaye tayari ana programu za OS 4 anazozitumia, au mwenye fedha za kuchezea. Kwa mnunuzi mpya nasema hapana, na sioni kitakachonigeuza mpaka mfumo ule utumie kiini cha pili.

Neno kwa wanaonunua mitumba kutoka nje. Amiga ya Uingereza ni ya PAL, mfumo wa picha wa Ulaya, na umeme wa volti 240, hezi 50, plagi ya pini tatu za bapa. Inachomekwa Mombasa, Zanzibar, Kampala au Muscat kama ilivyo. Ya Marekani ni ya NTSC, mfumo wa picha wa huko, na adapta yake ni ya volti 110: ukiichomeka ukutani huku kwetu utaiua sekunde ya kwanza, na michezo mingi ya Ulaya iliyoandikwa kwa PAL haitakaa sawa kwenye skrini yake. Na hata adapta ya Uingereza iwe ya asili usiiamini kwa umri wake. Fundi aipime volti 5 na volti 12 ikiwa na mzigo kabla hujaiunganisha na bodi, au nunua mpya, kwani zinatengenezwa bado.